Mkaja Haukuwa na Kosa

Shahad kafaulu, Da Zakiya! Kafaulu, tena wa kwanza katika wenzake, sasa daktari bingwa!

Haya, nisamehe, furaha imezipita salamu mlangoni. Assalamu alaykum, dada yangu mpenzi. Hujambo wewe na magoti yako, na watoto wote hapo Unguja? Sisi huku Uarabuni, hapa Sib, wazima, alhamdulillahi. Kazi ya mume wangu Muhanna siku hizi ni kuwaonesha watu msikitini picha ya binti yake kavaa joho. Mimi sijisifu, unanijua, lakini picha hiyo nimempelekea hata muuza samaki.

Tabu ni watu kuuliza bingwa wa nini. Mwezi wa Septemba, kwenye duka la vitambaa mtaa wa Hamriya, mama mmoja aliniuliza Shahad anasomea nini, nikamjibu moyo. Shahad alikuwa ubavuni kwangu. Akamwambia, bila haya, kwamba yeye anatibu wanawake wasioweza kuzuia mkojo baada ya kuzaa. Nilitamani nijifunike jora zima! Lakini yule mama alimsogelea, akamwomba namba ya simu. Na bibi mwengine aliyekuwa akipima shela naye akaiomba.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nnazikumbuka siku alizozaliwa huyo daktari. Ulikuja hapa na masanduku mawili, moja zima limejaa mdalasini, pilipili manga na kanga kuukuu. Siku arubaini hukuniacha hata nijitilie maji ya kunywa. Asubuhi unanikanda kwa maji ya moto mpaka nalia, halafu uji, halafu mkaja: unanilaza, unanizungusha kanga tumboni, unaivuta mpaka pumzi zinanipaa, na huku unanitania kwamba tumbo langu limekuwa pakacha. Nyumba inanukia udi. Sijapata tena raha kama ile, wallahi.

Sasa nikwambie neno ambalo sijapata kulitamka. Tangu uzazi ule, nikipiga chafya, nikicheka, nikinyanyua ndoo, mkojo hunitoka. Miaka ishirini na tisa, dada. Udhu unanivunjikia katikati ya sala, vitambaa namficha Muhanna. Harusi ya mwanao Bakhita sikuja, nilisingizia presha. Kumbe niliogopa kulowesha kiti cha ndege, na mabusati ya watu. Na baya zaidi, nilikutia wewe makosani. Nilisema moyoni ni mkono wako, umevuta mkaja mpaka ukanishusha kibofu. Ndiyo maana simu zangu zikawa fupi. Ndiyo maana Mama alipofariki tulipeana pole kama majirani. Wewe ulidhani nimelewa maisha ya Uarabuni, na mimi nikakuacha udhani.

Jioni ile tuliyotoka dukani nilimwambia Shahad yote. Hakunicheka. Aliuvuta mpira wa kiuno cha sarwali yangu kuukuu, akanionesha unavyokataa kurudi. Akasema mimba yenyewe hulegeza nyuzi zinazoshika kibofu na njia ya mkojo, na mtoto akipita huzivuta, nyengine hazirudi kama zamani. Si mkaja wako. Kichwa chake mwenyewe, kasema, na wewe unajua kilivyokuwa kikubwa! Akanifunza kubana na kuachia nyama za chini kila siku, na sasa huu mwezi wa tatu tangu nianze, chafya napiga kwa raha zangu. Lakini usiku ule nililia, nikiihesabu miaka niliyokunyima undugu kwa kosa lisilokuwa lako.

Nisamehe, dada. Sina la kujitetea.

Habari ya pili nimeiweka akiba: Shahad ana mimba ya miezi saba. Kakataa mkandaji yeyote wa hapa, anakutaka wewe, na mkaja umfunge wewe, ila mkono uwe mwepesi, kasema daktari. Na mimi mwanangu simpi mtu mwengine.

Nibusie Bakhita na wanawe, waambie karamu ya kufaulu kwa Shahad wasiikose hata mmoja. Chumba chako nishakifukiza udi. Nyote mnangojwa Ijumaa, tarehe kumi na sita Januari, baada ya sala.

Mdogo wako,
Hajar