Saliha Aliniuliza Mbona Nacheka

Mama Perpetua mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu nina neno limenikaa moyoni na sina wa kumwambia, maana yule ambaye ningemwambia ndiye ninayemlilia. Mimi ni Lisette, naishi Nyakabiga, hapa Bujumbura, mume wangu anafanya kazi bandarini, na mlango wetu unatazamana na wa Saliha, dada Mwislamu anayeshona nguo, tuko uwanja mmoja tangu niolewe, na mwaka juzi nilipompoteza mtoto kabla hajazaliwa, ni yeye aliyekuja kukaa nami, alinifulia nguo, alinilisha uji kwa kijiko, wala hakuniambia "usilie", alikaa tu, na mimi nikapitisha mwaka mzima bila kucheka. Basi mwaka huu, Mama, katika maombi ya kanisani kwetu, Yesu alinigusa, siwezi kueleza vizuri, ni kama mtu amenitua mzigo kichwani, nikaanza kucheka tena, nikawa naimba nikiosha vyombo, naimba nikichambua ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, hata mume wangu akasema nyumba imerudi.

Na Saliha akaona. Siku moja kwenye bomba la maji akanishika mkono, akasema, "Lizeti, siku izi we unacheka! Kuna nini? Uniambie, na mi nicheke." Nikaona ndiyo nafasi niliyoiombea, lakini nikaogopa kukosea, nikamwambia, "Nitakuletea." Ilikuwa Ramadhani, na jioni ile akaniletea sahani ya sambusa kama kila mwaka, na kwa kuwa kanisani walitugawia vikaratasi vya kuwapa majirani, vizuri sana, vya rangi, vimeandikwa "Ukifa leo utakwenda wapi?", niliosha sahani yake, nikaweka kikaratasi kimoja, nikafunika kwa kitambaa nikampelekea, kisha nikarudi nikapiga magoti kumshukuru Mungu kwa kunipa ujasiri.

Kesho yake alikuja na kile kikaratasi, amekitia ndani ya bahasha safi. Akasema, "Iko na jina ya Mungu, mi siwezi kuitupa. Chukua." Hakukasirika, afadhali angekasirika. Tangu hapo ananisalimu "Bonjour, madame", mimi ambaye alikuwa ananiita Lizeti akiwa bado chumbani kwake, Idi ikapita bila sahani, na jioni namsikia anacheka na wengine nyuma ya pazia, natamani kuvuka uwanja niende nikae pale, naishia mlangoni kwangu. Kanisani wananiambia nifurahi, ndiyo gharama ya Injili. Lakini siku hizi nikiimba naimba kwa sauti ndogo. Nina hamu naye, Mama. Je, nimkose Saliha ndipo nimpendeze Yesu, au ninyamaze nisimtaje Yesu tena?

Lisette, Nyakabiga

*

Lisette mwanangu,

Pole kwa mtoto. Pole ya kweli, haichachi hata ikichelewa. Sasa futa machozi nikugombeze.

Ujasiri gani huo ulioupigia magoti? Mtu amefunga kutwa, amesimama mbele ya mafuta ya moto akukaangie sambusa, na wewe, mtu wa Bujumbura, unajua kabisa kwamba hapa kwetu jirani harudishiwi sahani tupu. Ungeweka hata ndizi mbili. Wewe umemrudishia swali la kifo chake! Ingekuwa mimi, nisingekuja na bahasha.

Unadhani amekataa dini yako. Hapana. Anayeichukia dini yako angekitupa kile kikaratasi mtaroni, naye alikitafutia bahasha safi. Kilichomuuma ni kwamba alikuuliza wewe. Alikaa nawe ukilia, akaona kicheko kimerudi, akataka kujua kimerudije. Hakuna mtu mjini hapa mwenye haki ya kusikia habari hiyo kumzidi, hata mchungaji wako. Na wewe ukampa karatasi iliyopigwa chapa kwa mtu yeyote, isiyojua uji wala kijiko.

Mimi nami ni mtu wa kanisa, kwa hiyo sikwambii unyamaze. Nakwambia hujasema bado.

Fanya hivi. Jumamosi nunua mukeke mbichi. Samaki, sikiliza, nyama acha, usije ukamtia mashaka. Mpike vizuri, mweke kwenye sahani yako nzuri, upeleke mwenyewe. Vikaratasi vibaki kabatini. Piga hodi, na akikwambia "Bonjour, madame", vumilia, umeitafuta. Mwambie, "Saliha, nilikukosea. Uliniuliza, nikakupa karatasi." Usijitetee, wala usimtaje mchungaji. Akikukaribisha, kaa, na umsikilize yeye kwanza, kwa sababu barua yako nzima haikunieleza Saliha naye analia nini. Hujui, sivyo? Basi anzia hapo.

Huenda asikuulize siku hiyo, wala mwezi huo. Huenda atasikia yote akabaki na dini yake, na hilo si lako kuamua, utampenda vilevile. Kazi yako ni kuendelea kuimba ukichambua ndagala, tena kwa sauti, maana ndicho alichokisikia mara ya kwanza. Na siku atakapokushika mkono tena pale bombani, usimwambie utamletea. Weka ndoo chini, umjibu.

Mama Perpetua