Nilifuta Kovu la Mama

Shangazi mshauri, shikamoo. Barua hii nimeiandika mara mbili nikaichana, hii ya tatu naituma kabla moyo haujageuka, maana nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi ni mpiga picha, na kazi nilifundishwa na mjomba, kaka yake mama, kwenye studio yake ya chumba kimoja yenye pazia lililochorwa ngazi na maua, na hata leo nikikaa kimya naisikia harufu ya dawa za kusafishia picha, na redio yake iliyofungwa kwa mpira, na yeye akimwambia mteja, "Simama kama mwenye nyumba, siyo kama umekuja kuomba maji!" Halafu anahesabu moja, mbili, tatu, lakini Shangazi, mjomba alikuwa anabonyeza kwenye mbili, kwa sababu alisema ikifika tatu kila mtu ameshavaa uso wa kuazima. Miaka sita nilikaa pale. Nilikuwa na raha na wala sikujua kwamba ile ndiyo raha.

Basi zikaja kamera za dijitali, nikaona mjomba amepitwa na wakati, nikamwambia mbele ya wateja kwamba picha zake ni za makumbusho, nikafungua studio yangu mtaa wa pili, nikawa fundi wa maharusi, chunusi natoa, makunyanzi natoa, kidevu cha pili natoa, mpaka watu wakanibandika jina la Pasi, eti nanyoosha nyuso kama mashati, nami nikalipenda nikaliandika mlangoni.

Mwaka jana mama alipita studio na kikapu chake cha sokoni, nikampiga picha akicheka, halafu mkono ukaenda wenyewe kama ulivyozoea, nikamfuta lile kovu la shavuni, alilolipata kwa mafuta ya moto siku aliponivuta jikoni nikiwa mdogo yasinimwagikie, nikahifadhi juu ya ile ile ya kwanza, nikaita mteja mwingine. Mama alipofariki ndiyo picha tuliyoweka msibani, kwa kuwa albamu ya nyumbani ilishaharibiwa na mvua. Mjomba, ambaye jicho moja sasa lina mtoto wa jicho, aliitazama muda mrefu, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyu uliyemweka hapa ni nani?"

Tangu siku hiyo sijakanyaga kwake, na kila uso ninaoupiga naona ni ule ule mmoja, laini, hauna mwenyewe. Mdogo wangu wa kike anajifungua mwezi ujao, anataka picha ya bibi mtu ukutani, na amesema anaitaka yenye kovu. Najua mjomba ana makopo ya filamu za zamani, na mama yumo. Lakini niingie mlango ule kwa uso gani? Au niache tu kazi?

Pasi

*

Marahaba, Pasi. Nimekusoma chai ikapoa. Nimekukasirikia, kisha nikakuonea huruma, basi pokea vyote viwili.

Kazi usiache, usinichekeshe. Kovu ulilifuta kwa mazoea, siyo kwa ubaya. Lakini kumwita mjomba wako makumbusho mbele ya wateja wake, hapo ulikosa adabu na sikufichi. Na alipokuuliza "ni nani", wewe ukaona umesutwa. Mwenzio dada yake alikuwa amekufa, na hata pichani hakumkuta! Uliwahi kufikiria hilo, au ulikuwa unajihurumia tu?

Sasa sikiliza. Kesho akishafungua studio, nenda. Usitangulize simu, utapata kisingizio. Sema "mjomba, nimekosa", ukome hapo, usiongeze "lakini". Kisha omba filamu. Jicho moja lililobaki halimtoshi tena kupekua, kwa hiyo wewe ndiye utakayezishika dirishani kwenye mwanga, moja moja, umweleze unachokiona, naye akuambie ni nani. Mtachukua siku nyingi, na hizo siku mnazihitaji nyote wawili. Mama akipatikana, isafishe picha yake hapo hapo mjomba akikusimamia, na kovu liache. Lilikuwa lako lile, mama alikubebea tu.

Maharusi wakitaka kunyooshwa, wanyooshe, ila picha ya kwanza iwe inabaki kama ilivyo. Na hilo jina mlangoni ulibandue.

Halafu beba kamera. Katika barua yako yote sikuona picha hata moja ya mjomba mwenyewe, na naogopa haipo. Msimamishe mbele ya pazia lake, na jicho lake hilo hilo lenye ukungu, umwambie asimame kama mwenye nyumba. Uanze kuhesabu. Hila anaijua, ikifika mbili atakuwa ameshajiandaa.

Wewe bonyeza kwenye moja.