Taa Uliyoiacha Nyumbani

Mume wangu mpendwa, Baba Kulwa,

Jana nilipita gulioni Kharumwa nikamkuta mwanamke ametandika turubai chini, amemwaga juu yake taa za kuvaa kichwani za kila rangi, kama anauza nyanya. Watu wanapita bila hata kuzitazama. Mimi nikasimama pale mpaka akaniuliza, "Mama, nikupe ipi?" Nikaondoka bila kununua. Tangu hapo nazungumza na wewe moyoni, na leo nimeona niandike.

Pale machimboni wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuwa na taa ya namna ile. Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha. Wenzako wote walikuwa wakifunga tochi kichwani kwa mpira wa baiskeli, na betri zikichoka mnazianika juani zipate nguvu kidogo. Yule Mzungu mpimaji wa miamba uliyembebea mifuko ya mawe kiangazi kizima, siku ya kuondoka aliivua kichwani mwake akakupa. Ulikuja nayo nyumbani mbiombio. Ulipoiwasha mlangoni, mapacha wetu, Kulwa na Doto, walipiga kelele wakajificha nyuma yangu.

Hata mimi nilishtuka. Tulizoea koroboi na tochi, mwanga wa manjano. Huu ulikuwa mweupe, na ubuluu kwa mbali, kama maziwa yaliyotiwa maji. Wala hapakuwa na balbu tuliyoijua, ila vipunje vitatu kama mahindi machanga. Ukaniambia niguse. Niliogopa kuungua, ukanishika kidole ukakiweka pale. Baridi.

"Moto gani huu usiochoma?" nikauliza.

"Ndiyo maana haumalizi betri, Mama Kulwa. Huu hauna hasira."

Mama yako, mkunga wa kijiji kizima, hakuipenda hata kidogo. Alitazama mlenda wake chini ya mwanga ule, akasukuma bakuli. "Chakula kimekuwa na rangi ya maiti. Zima hiyo, mwanangu, niletee koroboi yangu." Wewe mwenyewe ulilalamika kwamba haipigi mbali, inaishia uani tu, wakati tochi yako ilikuwa inafika kwa jirani. Halafu ukafikiri kidogo, ukasema, "Lakini mle duarani, chini shimoni, hakuna mbali."

Na kweli, ulipoingia nayo duarani mara ya kwanza ulirudi umefurahi kama mtu aliyepata dhahabu. Ukasema unaona mikono yako yote miwili, unaona unapokanyaga. Masanja, mwenzako wa duara moja, aliiazima akaenda kujitazama kwenye kioo cha pikipiki, akakataa kuivua mpaka ukamfukuza. Tulicheka sana siku ile. Sauti yako ukicheka sijaisahau.

Mvua zilipoanza nilikuwa na mimba kubwa. Uchungu ulinishika mchana, siku ya zamu yenu ya kutoa maji duarani. Mama yako akanipima, akasema bado, labda kesho. Ulikuwa umeshavaa taa yako. Ukasimama pale mlangoni, ukaivua, ukampa mama.

"Chumba hiki kina giza, mama. Koroboi haitoshi."

"Nenda nayo," nikakuambia. "Mapacha niliwazaa kwa koroboi."

"Na nusura ufe, kwa sababu hakuna aliyeona damu inatoka wapi. Taa inabaki."

Ukafunga tochi yako ya zamani kwa mpira, ukanigusa shavu, ukaenda.

Mtoto hakungoja kesho. Mawingu yalikuwa mazito, na ndani kulikuwa giza ingawa jua lilikuwa halijazama. Mama yako aliivaa taa ile aliyoidharau. Na damu ikanitoka tena, Baba Kulwa, kama mara ile. Nilianza kuona kizunguzungu. Nakumbuka ule mweupe umeniinamia, na sauti yake nyuma ya mwanga: "Naiona. Tulia, ng'wana wane, mwanangu, naiona." Akaizuia. Nilipona kwa sababu ya taa ile.

Hakuwa hata amenawa mikono Masanja aliposimama mlangoni, matope hadi kifuani. Yeye alikuwa juu akivuta ndoo.

"Mama, duara limeporomoka. Mwanao Maganga yuko ndani."

Mama yako alitoka vilevile, taa inawaka kichwani, mikono ina damu yangu. Masanja alinisimulia baadaye kwamba alisimama ukingoni akawamulikia waliokuwa wakifukua, akakataa kukaa, akakataa kumpa mtu yeyote ile taa. Na walipokufikia, yeye ndiye aliyeliona shati lako kwanza.

Waliniambia kifusi kilikushukia ghafla, kwamba hukuteseka. Kila mtu aliniambia hivyo, kwa maneno yaleyale, ndiyo maana sijawahi kuamini kabisa. Nilimuuliza Masanja kama ungekuwa na taa yako ungeuona ufa mapema. Akaapa kwamba hapana, ardhi ilikuwa imelowa, hata jua lenyewe lingeshushwa mle lisingesaidia kitu. Mchana namwamini. Jioni inanishinda.

Tulipomaliza matanga mama yako alimpakata mtoto akasema, "Huyu aitwe Tabu."

"Hapana, mama," nikamwambia. "Mtoto hakuleta tabu. Ameikuta."

Ndipo akalia. Tangu msiba uanze sikuwa nimeona chozi lake. Alipotulia akasema, "Basi aitwe Minza, kama mama yangu." Taa yako aliivaa kwa kila mzazi aliyemwita, mpaka ilipogoma kuwaka. Naye tulimzika hapo kando yako.

Mapacha wako wana duka Buseresere, na wanaelewana. Mimi magoti yananisumbua, siwezi tena kulima. Minza amekuja kunichukua. Anaishi Shinyanga, ana cherehani yake na watoto wawili. Kesho tunaondoka. Leo asubuhi tulikuja kukufyekea majani kaburini, mimi na yeye. Tulipomaliza akaniuliza, "Mama, baba alijua kama mimi ni msichana?"

Nikamwambia hukujua. Hukujua hata kama amezaliwa.

Nimerudi nyumbani na neno hilo. Nimekulilia miaka yote hii, Maganga, nimekusema, nimekuombea, na habari hii sikuwahi kukupa. Sijui kama nitarudi huku tena nikitembea kwa miguu yangu. Basi ipokee kabla sijaondoka: ulipata binti. Alilia mara tu alipotoka, kwa nguvu, na alikuwa mzima.

Mkeo,
Mama Kulwa, Doto na Minza