Siku Uliyojiita Baba Mdogo

Kwako Baba,

Natumaini karatasi hii itakukuta umeketi, umemaliza chai na hakuna mtu anayekuharakisha. Goti lako linaendeleaje? Nilisikia kwamba siku hizi ukipanda lori la mbuzi unalishika goti kwa mkono mmoja. Na mvua, imefika Tseikuru mwaka huu au imeishia Mwingi tena? Na mama yako, Susu, anaamka vizuri?

Mimi mwili ni mzima. Huku Finland masomo yanaendelea, nakula, nalala. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho unachosoma mwenyewe, umekizoea kwa biashara na watu wa Garissa, na barua hii sitaki usomewe na mtu. Nimempa mwalimu mmoja wa Kitui aliyekuwa huku kwa mkutano. Ataiweka kwa basi mpaka dukani kwa Mzee Abdi, naye atakupa mkononi. Bahasha nimeifunga kwa gundi.

Baba, najua ni wewe uliyeshika simu ya watu wa ufadhili. Kabla sijafika hapo, wacha nikueleze nilianzia wapi, kwa sababu siku hiyo wewe ulilazimika kuelewa kila kitu kwa dakika moja bila kuelezwa na mtu.

Unakumbuka nilipokuja nyumbani nikasema chuo kinatuma wanafunzi wa mifugo ng'ambo kwa mwaka mmoja. Karo ya huku vyuo vilishapatana, lakini tiketi, chumba na chakula kila mtu atafute ufadhili. Ule wa kwanza, wa alama, niliukosa kidogo tu. Nilipokuambia, ukasema, "Niambie nifanye nini." Nikakujibu usifanye kitu, kuna ufadhili mwingine, nitajaribu huo. Sikukuambia huo mwingine ulikuwa wa nani. Ulikuwa wa wanafunzi waliofiwa na mzazi.

Msichana niliyekuwa nakaa naye hosteli ndiye aliyenionyesha fomu.

"Weka baba ameaga," akasema.

"Baba yangu yuko hai. Wiki jana alikuwa soko."

"Mumbua, hiyo ni boksi ya kutia alama, si kaburi. Nani atatoka Ulaya aende Tseikuru kuuliza?"

Ningeweza kusema alinidanganya, lakini kalamu haikuwa mkononi mwake. Nilikaa na ile fomu siku tatu. Nilijiambia wewe mwenyewe ungetaka niende. Nilijiambia ni karatasi tu, na nikirudi na cheti kizuri nitakufanyia mambo mengi, na hutajua. Siku ya nne nikatia alama. Chini yake walitaka jina la marehemu, nikaandika Musili Ngata, kwa herufi kubwa kama walivyosema.

Darasani kwetu kulikuwa na kijana anaitwa Kioko, wa kutoka Malili. Baba yake alifariki Kioko akiwa darasa la sita, na mama yake anauza matunda Salama kando ya barabara. Yeye pia aliomba. Nafasi ilikuwa moja kwa chuo chetu. Majina yalipotoka alikuja kunipa mkono, akasema, "Pole, sikujua na wewe ulipoteza baba." Alikaa na mimi nje ya maktaba muda mrefu akinieleza vile yeye humkumbuka wake. Nilimsikiliza, Baba. Nilitikisa kichwa kama mtu anayejua.

Nilipofika huku nilifikiri mambo ya fomu yamebaki Kenya. Lakini mwezi wa kwanza wale wanaotoa pesa walituita kwa chakula cha mchana, sisi wanafunzi wote wa ufadhili ule, kutoka nchi nyingi. Mama mmoja mzee akasema kila mtu asimame ataje jina la mzazi aliyemwacha. Msichana kutoka Nepal alitaja jina la mama yake akalia. Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikasema jina lako. Watu wote wakainamisha vichwa kwa heshima, na yule mama mzee akaniwekea mkono begani. Sikuweza kumaliza kile chakula. Toka siku hiyo kila ukipiga simu nilikuwa naona aibu kusikia sauti yako ikiwa na nguvu, ukiuliza kama nimekula.

Pesa za kwanza zilikuwa za nusu mwaka. Ili waongeze nusu ya pili, ofisi yao ya Nairobi hupiga simu nyumbani kwa mwanafunzi. Fomu ilitaka namba ya mama, nami nilikuwa nimeandika ya mwaitu. Sikujua siku hiyo umebeba simu yake kwenda soko.

Dada wa ofisi anaitwa Akinyi. Siku iliyofuata alinipigia kwa video akiwa na furaha.

"Tumempata baba yako mdogo," akasema. "Mzee mzuri sana."

Ilibaki kidogo nimwulize, baba mdogo gani? Susu hakuzaa mtoto mwingine wa kiume. Halafu nikaelewa ni wewe.

Aliniambia alianza simu kwa kusema pole kwa msiba, na kwamba anamtafuta mjane wa marehemu Musili. Akasema upande wako ulinyamaza mpaka akafikiri network imekatika. Ndipo ukamjibu kwamba mama wa msichana ameenda kuchota maji, wewe ni ndugu mdogo wa marehemu, na swali lolote anaweza kukuuliza wewe. Akanisomea alichoandika kwa daftari. Kwamba marehemu alikuwa mtu wa mbuzi, hakusoma sana, lakini kila muhula alijua msichana wake amekuwa namba ngapi. Kwamba kama angekuwepo angefurahi kuona alikofika. Alipokuuliza alifariki na nini, ulimwambia ilikuwa ghafla, hakuna mtu nyumbani aliyetarajia.

Nilimwambia Akinyi asante, nikazima.

Nilingoja unipigie unigombeze. Ulipiga siku ya pili, na unajua tulivyoongea.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Watu wa ofisi walipiga. Tumeongea vizuri. Wewe soma."

"Baba, ile simu—"

"Network inapotea huku. Nitapiga siku nyingine."

Network haikuwa inapotea. Nilikusikia vizuri, hata mbuzi nyuma yako niliwasikia.

Kama ungekasirika, nafikiri ningetafuta maneno ya kujitetea. Lakini ulisimama katikati ya soko ukakubali kuwa mtu aliyekufa ili mimi nisifukuzwe. Darasani mwalimu alikuwa anafundisha magonjwa ya ndama na mimi nilikuwa najiuliza ulirudi nyumbani saa ngapi, ulitembea na nani, na kama ulimwambia mtu.

Nilivumilia wiki moja. Wiki ya pili nikampigia Akinyi kwa video, nikamwambia baba yangu hakufa.

Hakuelewa haraka. "Yule mzee niliyeongea naye?"

"Ni yeye."

Nilimwona amevua miwani. Halafu akasema, "Unajua, kabla hajakata aliniuliza kama huko mnapewa koti." Hakunigombeza. Aliniambia niandike yote kwa barua pepe, kwa maneno yangu mwenyewe, bila kupunguza. Nikaandika.

Majibu yamekuja. Nusu ya pili hawataongeza. Wameniruhusu nimalize mitihani ya muhula huu, chumba wamelipia mpaka hapo, na tiketi ya kurudi ilikuwepo. Chuo chetu kimeambiwa, na nikifika nitaitwa mbele ya kamati. Wanaweza kunisimamisha mwaka mzima, au wakanifukuza. Sijui, na sitakuahidi kitu nisichokijua. Akinyi alisema nafasi iliyobaki itapewa anayefuata kwenye orodha. Nilimwuliza kama ni Kioko, akasema hawezi kunijibu hilo. Nimemwandikia Kioko mwenyewe nikamweleza. Amesoma, hajajibu, na sitamsumbua tena.

Nisamehe, Baba. Lakini nakuomba msamaha huo usinipe kwa simu, kwa sababu najua utasema "ni sawa" haraka ili tuongee mambo ya mvua. Ningoje nifike. Usiwaambie watu nimekuja likizo, na usinichinjie mbuzi. Kama ndani yako kuna hasira, ningoje nayo, ni haki yako. Nataka uniulize kila kitu ulichojiuliza ukirudi kutoka soko siku ile, na mimi nijibu mpaka umalize.

Msalimie Susu, umwambie nimepunguza mwili kidogo tu, asiwe na wasiwasi. Msalimie ndugu yangu Mutua na mke wake, na yule mtoto wao ambaye sijamwona. Msalimie Mzee Abdi, na umshukuru kwa kutuwekea barua. Mwambie pasta wetu kwamba aliponiombea mbele ya kanisa siku ya kuondoka hakujua alichokuwa anakiombea, na kwamba nitamweleza mwenyewe.

Kwa mwaitu sijakutuma salamu, nawe usimsomee barua hii. Kuna jambo ambalo Akinyi hakukuambia. Ile fomu ilihitaji sahihi ya mzazi aliyebaki. Nilimpelekea mwaitu akiwa anapepeta mbaazi, akapangusa mkono kwa leso, akaandika jina lake polepole pale nilipomwekea kidole. Aliniuliza inasema nini. Nikamwambia inasema anakubali niende. Alitia sahihi kwamba yeye ni mjane, Baba, na mpaka leo hajui. Niachie mimi nimwambie.

Ni mimi binti yako,
Mumbua