Koti Lako na Pua Mpya ya Paskali

Baba Paskali,

Mwanao anapumua. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya ng'ombe. Anapumua kwa pua, mdomo umefungwa kama watu wote, na mimi mama yake nimechanganyikiwa utadhani ndimi niliyepasuliwa.

Amefanyiwa upasuaji kwenye hospitali kubwa kule Arusha. Daktari, binti mdogo tu lakini ana akili, alinieleza kwamba ndani ya pua kila mtu ana vinyama pembeni, kazi yake ni kupasha hewa joto na kuzuia vumbi. Vya Paskali vilivimba vikaziba njia. Na yale matone ya dukani aliyokuwa anatia kila siku, kumbe ukiyazoea ndiyo yanazidi kuziba. Wakamlaza usingizi, wakavipunguza. Nikauliza kwa nini wasivimalize kabisa, binti akacheka: "Mama, tukivimaliza pua itakauka."

Hapa Karatu nimewaambia wote, kanisani na sokoni. Mama Safari jirani ananikejeli: "Wenzio wanajisifia watoto wamejenga, wewe unajisifia pua!" Nikamjibu, wa kwako anayo na hajui hata ina kazi gani. Si uongo. Mtoto wangu anashusha watalii kreta, kule bondeni kwa wanyama, gari la kufungua paa, Kiingereza kinamtoka kama maji, na sasa ana pua iliyotengenezwa na daktari. Nani mwingine hapa?

Unakumbuka alivyokuwa anakula? Lazima aache tonge kwanza apumue. Ulisema, "Huyu anakula kama mtu anayepanda mlima Oldeani." Sasa anakula bila kituo. Mwanzoni alitokwa na damu kidogo na magamba, akawa anasafisha kwa maji ya chumvi, halafu asubuhi moja akatoka nje akasimama. "Mama, kumbe zizi linanuka hivi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akawa ananusa kila kitu, maziwa, sabuni, udongo uliolowa. Mtu mzima na ndevu zake!

Hapo ndipo nikaleta koti.

Hujui habari ya koti. Tulipomaliza matanga, ndugu zako walikaa kugawana nguo zako kama desturi. Suruali zikaenda, viatu vikaenda. Lile koti la kahawia sikulitoa. Nililizamisha kwenye pipa la mbegu za mahindi, maana shemeji zangu hawawezi kupekua humo. Nikikukumbuka nafunua pipa, nanusa. Vitunguu vya Mang'ola. Petroli ya pikipiki. Wewe.

Nikamwambia, haya, mnuse baba yako. Kwa sababu alipokuwa mdogo, ukirudi na magunia yako ya vitunguu, watoto wengine walishika pua, yeye anakurukia mgongoni. Nilijigamba kwa watu kwamba mwanangu hadharau kazi ya baba yake. Kumbe masikini hakuwa anasikia harufu yoyote. Alikujua kwa sura na sauti. Harufu yako hakuijua kabisa.

Akanusa. Akakunja uso.

"Mama, hii ni dawa ya mahindi."

Nilimnyang'anya. Nikanusa, nikasikia kitunguu. Nikanusa tena, sikuwa na hakika. Mara ya tatu… sijui. Mpaka leo sijui, Baba Paskali. Pua yangu haina kasoro, haijaguswa na mtu. Ya kwake ni mpya. Nani mkweli? Nimekuwa nikilia muda wote huu juu ya dawa ya wadudu?

Aliona uso wangu. Akalichukua taratibu, akaingiza pua ndani ya kola. Halafu akasema, "Subiri, Mama. Hapa kuna kitunguu."

Ningefurahi. Lakini huyu ni dereva wa watalii, na mimi ndiye niliyemzaa. Faru asipoonekana, huwaambia wageni wake, "Yupo, amelala nyuma ya kile kichaka," ili wasirudi na huzuni. Mwenyewe alinisimulia akicheka. Sasa alinipa kitunguu cha kweli, au alinipa faru wa kichakani?

Ameomba alivae, asubuhi kwenye geti la hifadhi kule juu baridi ni kali. Nimempa. Litanuka yeye sasa. Labda ndivyo inavyotakiwa, labda nimekupoteza mara ya pili, kichwa hakitulii.

Leo alipotoka nalo, alisimama mlangoni akavuta hewa kwa pua, taratibu, mpaka koti likapanda mabegani, vilevile ulivyokuwa ukifanya kabla ya kuwasha pikipiki. Hajawahi kuweza hivyo tangu nimzae. Hilo nililiona kwa macho, na macho yangu hakuna wa kuyabishia.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi kitu kimoja. Habari ya kile kitunguu sitamuuliza tena.

Mimi mkeo,
Mama Paskali