Saa Kumi Ipi?

Tauno na Inkeri,

Supu ya samaki iko kwenye friji. Ipasheni moto, msije mkala mkate mkavu mkasingizia kwamba sikupika. Sauna msiwashe mpaka nirudi tuoge mvuke pamoja.

Tauno, mkutano wa saa kumi jioni wa kuitetea zahanati isifungwe uende wewe. ~~Mimi nitachelewa kidogo.~~ Mimi siji.

Leo niliamka, saa ya ukutani inaonyesha saa kumi, nje giza. Nikadhani nimepitiwa na usingizi wa mchana na wenzangu wananingoja mkutanoni, mimi mwenyekiti wao. Nikabeba chupa ya kahawa na vikombe, nikaenda kugonga mlango wa ukumbi. Kimya. Nikawatukana wote moyoni huku nalia, na wewe Tauno ukiwemo, kwa kuniachia mzigo huu peke yangu. Ndipo Eelis akasimamisha gari lake la kusukuma theluji.

"Dada Aila, unamngoja nani alfajiri yote hii?"

Inkeri, usicheke. Jua likishaacha kuchomoza majira ya baridi, mchana nao ukawa giza, yeyote hapa hukosea saa. Lakini hata nilipokwisha kuijua saa niliendelea kulia, na Eelis aliponiuliza kwa nini, nilimkabidhi chupa. Kahawa alikunywa yeye.

Tauno, vikombe viko kwenye kapu mlangoni, usivisahau.

Wakiuliza mwenyekiti yuko wapi, waambie yuko zahanati. Safari hii hakwenda kukusanya saini. Amekaa kwenye foleni ya wagonjwa.

Mama Inkeri