Kopo Nililomtumia Mama

Mdogo wangu,

Simu yako haipatikani tangu jana, ndiyo maana nampa dereva wa basi barua hii. Kitenge kimefika, kipo kwa fundi. Paka kazaa wanne chini ya jiko.

Unakumbuka ule unga wa uyoga niliousifia, kwamba unaleta nguvu na usingizi mzuri? Shemeji yako hataki kusikia habari za mitishamba, basi nikawa namtilia kwenye uji kimyakimya, kijiko kila asubuhi. Nilipomwona kanawiri, nikaongeza cha pili.

Juzi anamnyoa mteja, wembe ukamkata yeye mwenyewe kidole. Kidonda chenyewe kidogo, lakini damu ikakataa kukoma. Taulo tatu zililowa! Hospitali daktari akamuuliza, "Mbali na vidonge vya kuzuia damu kuganda, unatumia kitu kingine?"

Akacheka. "Uji wa mke wangu tu."

Daktari akanitazama. Nikainama, nikajifanya natafuta leso kwenye mkoba.

Leo ameamka fizi zinatoka damu. Nimempelekea uji mtupu, akaonja, akaniambia, "Mbona leo hauna ladha, mama watoto?" Nikachukua bakuli, nikatoka kwenda kwa daktari.

Mdogo wangu, mama naye anameza vidonge hivyohivyo. Ukifika mstari huu, iache barua, nenda kwa mama kamwage lile kopo la unga nililomtumia. Atagomba, mwache agombe. Ni mimi niliyemwambia asikose hata siku moja.

Dada yako, niliye mlangoni kwa daktari, sijabisha hodi bado.